Mkwe Amenikuta Juu ya Mti Nikitoa Viwavi

Zilpah, kuja uninyanyulie ngazi sasa hivi. Nimeaibika!

Si tulikubaliana mtaa mzima kila mtu atoe viwavi kwa mti wake kabla wamalize majani? Nikavaa suruali ya mzee, nikaweka ngazi, nikapanda ule mti wa siala ambao baba mkwe aliotesha 1964, nikaanza kuwapukuta na ufagio.

Nani akaingia? Cephas, bwana ya binti yangu Milka! Mkwe wangu! Bila hata kupiga simu!

Mimi juu, na suruali. Yeye chini ya mti, kwa heshima ya mkwe hawezi kuniangalia, akageukia kuku wangu: "Tafadhali, mwambie mama nimemletea samaki."

Anaongea na kuku, Zilpah. KUKU!

Nikajaribu kujificha kwa majani, tawi likatikisika, viwavi kama ishirini wakamwingia kwa kola. Na unajua vile wanawasha.

Akavua shati. Mbele ya mama mkwe! Nikafunga macho. Nikasikia anafungua mshipi.

Nikapiga nduru: "Cephas, suruali ubaki nayo!"

Ametoroka kifua wazi, akagonga ngazi ikaanguka. Niko huku juu bado.

Sasa Milka amepiga simu, anauliza kama bwanake alifika.

Nimemwambia aulize kuku.