Kimeng'enya Kisichokata

Jumatatu, 7 Julai
Tena hakuna. Picha ya jaribio la maabara imetoka na mstari mmoja tu, wa kipokezi kizima. Kingekatwa, kipande cha mkia kingeonekana chini yake. Kipokezi, protini inayopokea ishara, husimama kwenye utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani, na kimeng'enya hukikata humo humo katikati ya utando, kwenye mafuta. Changu hakikati. Mwezi ujao natetea tasnifu ya uzamili. Bila huo mkia sina tasnifu.

Alhamisi, 10 Julai
Kosa ni sabuni. Nina hakika. Kimeng'enya hiki ni sehemu nne zilizoshikana. Ili kukitoa kwenye utando lazima uyeyushe mafuta, na sabuni tunayotumia ni kali mno, inazitenganisha zote. Nimemwambia Daktari, msimamizi wangu. Akacheka mbele ya wenzangu.

"Madam, hiyo sabuni nimeitumia ukiwa bado hujazaliwa. Rudia kazi, na uoshe mikono."

Namchukia.

Jumanne, 15 Julai
Kuna chupa ya sabuni isiyo kali nyuma ya kabati. Nimeitumia. Sikumwomba mtu ruhusa.

Jumatano, 16 Julai
Mkia upo. Mstari mwembamba, chini, mahali pake kabisa. Kimekata. Nililia maabarani kama mjinga.

Ijumaa, 18 Julai
Kikao cha idara. Daktari ameonyesha ukutani picha yangu, niliyompelekea jana pamoja na maelezo. Akaeleza jinsi sabuni kali inavyovunja kimeng'enya, na kwamba amekuwa akiniambia hivyo tangu mwanzo. "Ni vile hawa watoto hawasikii." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Hilo linaniuma kuliko yote. Ni yeye atakayetia sahihi tasnifu, kwa hiyo nilicheka.

Jumapili, 20 Julai
Nyumbani, Dundori. Mama anajua jambo moja tu, kwamba kazi ya mtoto wake imekubali. Kanisani alisimama akamshukuru Mungu, kisha Daktari, mwalimu wangu, kwa jina. Mchana ameshinda akichagua viazi, vikubwa vikubwa, na kuvipangusa udongo kwa leso yake. Huku kwetu huendi kumshukuru mwalimu mikono mitupu.

"Umwambie vimetoka kwa mama yako. Umwambie Mungu ambariki vile amekusaidia."

Nimeitikia. Gunia nimelifunga mwenyewe. Kesho nitampelekea.