Ile Sentensi Juu ya Baba

Jinja, Jumanne

Kaka Idi,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute presha imeshuka, na magoti ya Mama yamempa nafuu. Mimi mzima wa mwili. Huku Jinja mvua haikatiki, kiwanda kinaendelea, na bosi wetu Mhindi bado ananiita Madamu Stoo kana kwamba sikupewa jina. Nimeandika kwenye karatasi na kuituma kwa basi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nawe unajijua.

Ni habari ya kazi uliyonipa. Yule mzee wa Nkoma, baba wa mchumba wa binti yako Zuhura, alisoma kwenye simu makala ya ile ensaiklopidia ya mtandaoni, inayohusu ile sehemu ya tamthilia aliyoigiza Baba tulipokuwa wadogo. Akakuta sentensi moja: kwamba afande wa kizuizini aliigizwa na askari wa kweli wa miaka ya utawala wa jeshi, na jina la Baba liko pale, lote kamili. Baba yake huyo mzee alichukuliwa na askari miaka ileile, wala hakurudi. Uliniambia alivyokuuliza mlangoni: "Idi, muzee yenu alikuwa mujeshi? Sema sasa, mbele hatujaleta mahari." Nawe ukanigeukia mimi: "Si wewe unashindaga kwa hiyo mitandao unasahihisha watu? Futa tu."

Sentensi ile ni uongo, tunajua sote. Baba alikuwa fundi cherehani Nabuyonga, hapo hapo Mbale, tangu ujana mpaka kaburini, na ule mguu wake wa polio jeshi gani lingeutaka? Lakini kule hakufutwi hivi hivi. Ukiondoa maneno yenye chanzo, mtu anayarudisha kabla chai yako haijapoa. Nikajifanya mjanja. Niliitengeneza makala yote: nikaandika upya muhtasari wa hadithi, nikapanga orodha ya waigizaji, nikatafuta nani aliongoza na nani alishika kamera, na katikati ya vumbi hilo nikaiondoa sentensi. Nilidhani ukihamisha vyombo vya nyumba nzima hakuna atakayeuliza kigoda kimoja kimekwenda wapi. Kisha nikaomba mwenyewe ikaguliwe ipewe daraja la makala bora, ili ikishapigwa muhuri pasiwe na wa kuichezea.

Kwa ajili ya muhtasari nimeitazama ile sehemu mara nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Baba hasimami hata mara moja. Kila tukio amekaa nyuma ya meza, wafungwa ndio wanaoletwa kwake. Anasema machache, kwa kile Kiswahili chetu cha nyumbani ambacho watu wengi wa Mbale wakikisikia wanakumbuka bunduki, maana ndicho walichosema askari, na mimi binti yake niliogopa.

Mkaguzi akaja. Simjui, yuko nchi ya mbali, ana adabu ya mtu aliyelelewa na bibi. Akasema muhtasari umerefuka mno, aya ya pili haina chanzo, na kote alikuwa na haki. Halafu akauliza kwa nini nimeondoa sentensi iliyotoka gazetini. "Gazeti hilo siwezi kulipata," akaandika. "Wewe uko karibu nalo. Lisome uniambie linasemaje, nami nitachukua neno lako."

Nilikwenda maktaba Jumamosi nikiwa na hakika nitakuta mwandishi mvivu aliyejitungia. Mama wa maktaba akaniletea magazeti yaliyofungwa pamoja. "Soma hapa hapa, madamu," akasema. "Hii ya zamani hatutoi inje." Ukurasa wa ndani kuna picha ya Baba amekaa, anacheka. Na maneno ni yake mwenyewe, kaka. Anamwambia mwandishi kwamba alitumikia jeshi, ndiyo maana kazi ile haikumpa shida. Halafu anaongeza: "Nilipokuwa naingia, kila mtu alikuwa anasimama."

Nililia pale mezani bila aibu. Nani aliwahi kumsimamia Baba? Watu walimtupia suruali juu ya cherehani bila hata salamu. Siku moja anakuja mtu na kamera, na Baba anajipa heshima ya dakika tano. Tukailipia sisi: mawe juu ya bati, wateja kuhamia kwa fundi mwingine, wewe kupigwa shuleni ukiitwa mtoto wa muuaji. Na Baba kimya. Miaka yote nilidhani ule ni uvumilivu, nikamheshimu kwa ajili yake. Kumbe hakuwa na la kukana. Nimemkasirikia, na hasira haijaniisha ninapoandika haya.

Ningeweza kumwambia mkaguzi kwamba gazeti halisemi kitu. Angeniamini. Nilikaa siku mbili na uongo huo tayari kwenye vidole. Kisha nikaandika kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe gazetini, aliwahi kuwa askari, na maneno yake nikayaweka yalivyo. Nikakiri pia kuwa mimi ni binti yake. Mkaguzi akanishukuru, akasema kwa sababu hiyo nisiiguse tena makala, ndiyo kanuni yao. Imepewa daraja.

Utataka sababu, na ninayo moja tu: sijawahi kumsikia Baba akijisifu mahali pengine popote. Sikuweza kumnyang'anya.

Nakala ya ukurasa iko ndani ya bahasha. Ipeleke Nkoma kabla hawajaja wao, ukamwambie yule mzee kwamba Baba yetu alidanganya, na kwamba wapo majirani wanaoujua ule mguu. Asipokuamini sitamlaumu. Mzigo huu ulikuwa wangu na nimekubebesha wewe.

Nisalimie wifi yangu, na mjomba anayeuza kahawa sokoni. Mama usimsomee, pengine alijua siku zote, na mimi sitaki kuambiwa. Zuhura mwambie wewe, usimfiche: shangazi yake, anayetakiwa kumshika mkono siku wakwe wakija, alikuwa na nafasi ya kufuta, na hakufuta.

Mdogo wako,
Mwanaisha