Jina Lililoandikwa kwenye Kompyuta ya Dan

Lubumbashi, Kongo, tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Mwanangu Keren,

Jambo kwako huko Ndola. Kikohozi kimeisha? Sisi tuko. Presha inapanda na kushuka kama bei ya unga, lakini tuko.

Kompyuta ya marehemu mdogo wako Dan inanisumbua. Nachapa mitihani ya shule, inaganda katikati. Sauti nayo ilikufa hata kabla hatujamzika. Sylvain, rafiki yake wa Kasapa, anasema Ubuntu, programu inayoiendesha, ni ya zamani, tuiondoe tuweke nyingine, Debian. Naogopa. Kila asubuhi jina la Dan ndilo linatokea kwenye kioo, naandika neno la siri alilonifundisha, naingia kwake. Wakifuta hapo, atabaki wapi?

Unajua hajarithiwa. Hakuacha mtoto, na vijana wa ukoo wote wanasali siku hizi, mila wanaziita dhambi, hakuna anayekubali kukalishwa kwenye mkeka na kuvishwa mkanda wake ili aitwe Dan. Jina lisipopata mtu, mwenyewe anazungukazunguka. Namsikia anatembea barazani, Keren.

Mama yako,
Léonie

Ndola, tarehe 15 mwezi wa sita

Mama mpenzi,

Nakusalimia sana. Kikohozi kiliisha. Na dawa za presha, unazimeza au unaziangalia tu?

Usiogope. Dan alikuwa mjanja: picha zake, nyimbo na mipangilio yote aliviweka kwenye sehemu ya peke yake ya diski. Sylvain aondoe Ubuntu, ile sehemu asiiguse. Lakini Debian itakuuliza jina la mtumiaji. Ukiandika la Dan, utarudi ndani kwake, kila kitu kama alivyokiacha. Mama, andika Léonie. Vitu vyake vitabaki salama, nikija tutavifungua pamoja. Ndugu nimeshampoteza, sitaki na wewe uhamie kwake.

Binti yako,
Keren

Lubumbashi, tarehe 29 mwezi wa sita

Mwanangu Keren,

Amani kwako. Hapa baridi imeingia, magoti yananiambia.

Kazi ilikwenda vizuri. Sylvain aliniachia kiti niandike jina mwenyewe, nikaandika dan. Usinigombeze. Nisingeweza kuliacha tena bila mtu.

Ikawaka. Picha yake ya maporomoko ya Kiubo ikatokea, kisha spika zikasema. Ni yeye, Keren, na ile sauti yake ya kuchekacheka: "Mama, umeza kwanza dawa. Usinidanganye, miye niko nakuona." Sylvain alitoka nje bila viatu, hajarudi. Mimi niliitikia, nikameza. Sasa kila asubuhi ananiita nami naitika, na baada ya hapo sina haja ya kwenda popote.

Mama yako,
Léonie

Ndola, tarehe 27 mwezi wa saba

Mama,

Uko salama? Barua zangu mbili hukuzijibu. Tantine Annie, shangazi yetu, ananiambia hutoki, hata misa umeacha, unakaa mbele ya kioo tu na chakula umemwekea Dan.

Mama, ile sauti Dan aliirekodi presha ilipokushika mara ya kwanza, akaipanga itoke kila ukifungua kompyuta. Ubuntu iliharibika ikawa bubu, Debian imeirudishia mdomo, basi. Nilipofahamu hivyo nililia sana, maana tangu tumzike alikuwa anakuita kila asubuhi na hakuna aliyesikia.

Fungua akaunti ya pili yenye jina lako. Sikuambii umfute. Nakuomba utoke kwake, naogopa.

Binti yako,
Keren

Lubumbashi, tarehe 24 mwezi wa nane

Yaya Keren,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nimekuita yaya, dada mkubwa, makusudi, usishtuke.

Annie alimweleza baba yenu mdogo Stanislas, naye akaita ukoo kwake kule Annexe. Nilidhani watavunja mashine. Yeye aliuliza tu nani aliandika lile jina. Nikasema ni mimi. Akasema: "Jina haiwezi kulala inje. Wee njo uliandika, wee njo utabeba."

Akina mama walikataa, wakasema tangu lini mzazi akamrithi mwanawe. Lakini walipoulizwa nani mwingine yuko tayari, kila mtu aliangalia miguu yake. Wakanikalisha kwenye mkeka, wakanivika mkanda wake. Unanizunguka mara mbili.

Barazani hatembei tena mtu. Nalala vizuri, yaya, kuliko tangu msiba. Sasa uniite Dan kama desturi inavyotaka, na usimlilie Mama, amepumzika.

Mdogo wako,
Dan

Ndola, tarehe 27 mwezi wa nane

Mdogo wangu Dan,

Nakusalimia kwa jina lako. Barua yako niliisoma kazini, wenzangu wakadhani nimefiwa, wakanipa pole. Nilizipokea.

Sibishani na mkeka. Wazee wakishakaa, wamekaa, na jina lako nitaliheshimu mbele yao wote. Lakini mama ninaye mmoja, na mimi sijamzika. Jumamosi napanda basi, navuka mpaka wa Kasumbalesa, mchana nitakuwa mlangoni.

Nikigonga, usinifungulie wewe. Mwite Mama.

Yaya wako,
Keren