Gari ya Allan

Noonkopir, Kitengela
3 Mei 2024

Kwako Baba,
Habari za Magadi na hilo joto? Mgongo wa Mama umepoa? Mimi niko salama, mvua tu ndiyo imezidi. Naandika kwa sababu wewe na simu hamsikizani. Tangu nianze kutibu mifugo upande wa Kisaju, pikipiki inazama kwa hii matope nyeusi. Juzi nilifika kwa Mzee Seleyian nikapata ndama ameshakufa. Sasa jirani yangu Evalyne anauza gari mzee, ya kuvuta magurudumu yote manne. Niangalie nini?
Binti yako, Kui

Magadi
6 Mei

Kui mama,
Tunapumua, Mungu ni mwema. Mama yako ameacha fimbo. Enda asubuhi, injini ikiwa baridi. Guza boneti kwanza. Ikiwa moto, kuna kitu unafichwa. Magurudumu yote yawe ya aina moja na yameisha sawasawa, la sivyo yataua gearbox. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole, sikiliza. Ikigonga ama ikijivuta, achana nayo. Halafu inua zulia unuse. Gari iliyolala majini hupakwa rangi, lakini harufu haipakwi.
Baba yako, Ishmael

Noonkopir
11 Mei

Baba,
Mko aje? Hapa mafua tu. Nilienda mapema. Evalyne alisema gari haijawashwa tangu irudishwe. Boneti ilikuwa moto.
“Huwa hivyo,” akaniambia, akaangalia kando.
Magurudumu ni sawa, na kwa kona haikugonga. Lakini kiti ya dereva ilikuwa imesukumwa nyuma, ya mtu mrefu. Niliivuta mbele. Niliposhuka kuinua zulia la nyuma na kurudi, ilikuwa nyuma tena. Chini ya zulia kuna unga mweupe, unanuka magadi. Evalyne alisema bwanake, Allan, alienda nayo huko kwenu mwaka jana, ikarudi bila yeye.
Bado naitaka, Baba. Wanyama wanakufa nikiwa njiani.
Binti yako, Kui

Magadi
14 Mei

Kui,
Salamu baadaye. Gari ya Allan naijua. Ni mimi niliivuta na trekta ya kazini. Ilikuwa katikati ya ziwa, juu ya chumvi iliyokauka, injini ikinguruma, milango imefungwa. Chumvi pande zote ilikuwa nzima, hakuna hata unyayo mmoja. Tulimtafuta mpaka tukakosa la kufanya. Usiinunue. Mwambie kwa upole.
Baba yako

Noonkopir
19 Mei

Baba,
Natumaini mmeamka vyema. Mimi silali. Nilienda kumwambia Evalyne sitanunua. Nilimpata ndani ya gari, kiti ya abiria, amevaa nguo ya kanisa na mkanda amefunga.
“Hakuna shida,” akasema. “Siuzi tena.”
“Unaenda wapi? Nani anaendesha?”
“Ameshaingia.”
Nilikimbia kuita Selpha wa nyumba ya pili. Tukasikia injini. Tulipotoka, gari ilikuwa inaingia barabara kubwa, polepole, indiketa ikiwaka vizuri. Selpha aliangalia kiti ya dereva. Tangu hapo hajaongea na mtu. Nadhani inakuja huko kwenu, tafadhali mtafuteni Evalyne.
Kui wako

Magadi
27 Mei

Kui mama,
Pole kwa kukuweka roho juu. Evalyne yuko hapa. Mama yako alimkuta kando ya barabara akitembea peke yake, viatu safi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Anasema Allan amemshukisha, ameenda kutafuta mahali pa kugeuza gari. Gari hatujaiona.
Nilitaka kumweleza ukweli, Mama yako akaniminya mkono. Amekula vizuri. Amelala kitanda chako. Ameomba tuache taa ya nje ikiwaka.
Nimeiacha.
Baba yako, Ishmael