Sponji za Loise

Kator, Juba
Desemba 2013

Kwako Loise, mtoto wa kaka yangu,

Shangazi yako niko kwes, yaani mzima, kama wasemavyo huku, na hoteli yangu bado inapika maharagwe yanayosifiwa mtaa mzima.

Uliniambia kwenye simu kwamba maabara yenu inatengeneza sponji. Nikasema, masomo yote hayo, na hata sponji hawana! Nikakununulia za njano sokoni, nzuri za kusugulia sufuria. Mwalimu Cyril, mteja wangu, alipoziona alicheka hadi akamwaga chai. Akanieleza kwamba sponji yenu haionekani kwa macho: ndani ya seli kuna vijipande vya RNA vinavyozifunga jeni mdomo, na sponji inavinyonya ili jeni ziseme tena. Basi chai yake niliifuta kwa moja ya zako. Zilizobaki ndizo hizo, sugulieni chupa.

Krismasi msiningoje. Nafasi yangu kwenye ndege nimempa Nyakong, msichana anayenisaidia kupika, ndiye anayekukabidhi mzigo huu. Zamani aliimba tangu asubuhi mpaka wateja wakasahau kulalamika. Tangu risasi za Jumapili ile, askari walipogeukiana hapa mjini, hajatamka neno, maana huku siku hizi lugha ya mama yake ikisikika tu, mtu anauawa.

Usimhoji. Mpikie chai, kaa naye. Kazi ya sponji unaijua wewe, mwanangu.

Ni mimi, mwenye kelele zangu,
Shangazi Millicent