Mashine Mbili na Pumzi ya Papa

Kasungami, Lubumbashi,
Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Clotilde,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo mengi. U hali gani huko Namur? Goti lililokusumbua tangu Pasaka limepona? Na mwanao Franck je, bado anakataa kula bukari, ugali wetu, au umeshamshinda? Tumesikia kwamba baridi imeanza mapema kwenu. Tunakuombea kila jioni baada ya rozari, na Mama hutaja jina lako kwa sauti, kana kwamba umekaa nasi chumbani.

Sisi huku tuko wazima kwa kadiri Mungu anavyotujalia. Mvua bado haijaanza. Jua ni kali sana, na ikifika saa nane mchana mabati ya nyumba yanalia kama kuni motoni. Mama anamwagilia mboga zake mapema, udongo ukiwa bado baridi, kisha anazipeleka sokoni na kurudi jioni. Papa yupo. Najua ungetaka niandike zaidi ya hapo juu ya kaka yako, nami nitaandika.

Kwanza nikushukuru. Umesema ofisi yenu imebadilisha kompyuta, nawe umepewa mbili za kubeba, ndogo na kubwa, na kwamba tuchague moja ili jirani yenu Papa Mulenga aje nayo atakapotua uwanja wa ndege wa Luano mwisho wa mwezi. Niliposoma ujumbe wako nilikaa chini. Shuleni kwetu tunasoma uhasibu wa kompyuta bila kompyuta. Mwalimu anachora kioo ubaoni, nasi tunabonyeza vidole juu ya dawati. Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Mtihani wa taifa unaningoja, na ng'ambo ya mtihani, Mungu akipenda, kuna chuo kikuu.

Uliomba jibu kwa mwandiko wangu, nipige picha nikutumie, kwa kuwa sauti zetu zinakatikakatika kwenye simu. Basi nakueleza jinsi tulivyochagua, maana haikuwa rahisi.

Nilimwonyesha Yaya Ruphin picha ulizotuma. Ni kijana jirani yetu, mkubwa kwangu, anayechapa na kutoa kopi za karatasi za watu kando ya barabara. Alisema yeye mwenyewe ana kubwa inayofanana na ile yako, na dada yake ana ndogo karibu sawa. Jana Jumamosi alituletea zote mbili tuzijaribu nyumbani, kwenye joto letu wenyewe, akaenda kwanza kufungua kazi yake.

Sasa juu ya Papa. Tangu aache kazi ya kusaga mawe ya mgodini, mapafu yake hayajarudi kama zamani. Daktari anasema hayatarudi, lakini tukimtunza vizuri anaweza kukaa nasi miaka mingi. Mchana, nikitoka shule, ni mimi na yeye tu. Yeye anakaa kwenye kiti chake chumbani, mimi nasoma sebuleni, na kati yetu kuna pazia. Akihitaji maji au dawa hawezi kupaza sauti. Anakohoa kwa namna fulani, kifupi, mimi nasimama. Mama aliwahi kumnunulia kengele ndogo. Papa aliitazama, akamrudishia. "Mama Bénie, miye siko mbuzi."

Tulianza na ile kubwa. Nilitaka kuiweka mezani, lakini Mama, ambaye jana hakwenda sokoni, alinizuia. "Kintu ya benyewe habaiwekake hivi hivi pa meza!" Akaleta mto wa velveti, ule wa wageni, akaiweka juu yake. Kisha akachukua kitambaa cha kufuma kinachofunika televisheni, akakitandaza nyuma ya kioo na pembeni ili vumbi lisiingie. Ilipendeza kweli. Akatoka nje kufua.

Nilifungua programu ya uhasibu. Haikupita muda feni ya ndani ikaanza kuvuma, ikazidi, ikawa mlio mmoja usiokatika. Nilikuwa nimefurahi mno, Shangazi. Ile picha ya ubaoni ilikuwa mbele yangu, nayo ilikuwa inanijibu. Nilipoinua macho nilimwona Papa amesimama kwenye pazia, ameshika ukuta, midomo imekauka. Alikuwa ameniita. Aliita tena na tena, mwisho akaamua kuja mwenyewe. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mashini yako inalia sawa ndege ya Luano," kisha miguu ikamkataa, akakaa palepale sakafuni.

Nilimpa maji. Mama alikuja mbio na mikono yenye sabuni. Tulimrudisha kitini.

Yaya Ruphin aliporudi kuangalia tulivyoendelea, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Eh Mama! Munaivalisha namna hii na joto yote hii? Mashini inapumuaka kwa chini. Mulifunga yee mapua, sasa iko natafuta pumzi!"

Mama alitazama pazia. Ruphin mwenyewe alitambua alichosema, akatazama chini. Ndipo tukasikia Papa akicheka nyuma ya pazia, kicheko chake kile kinachoishia kwenye kikohozi. "Basi yee na miye tuko sawa! Mumutoshee mile manguo."

Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa kitenge, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Ruphin aliondoa mto na kitambaa, akaiweka mashine mezani, akaiinua kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini. Mlio ulishuka sana. Tungeishia hapo, nami ningekuandikia kwa furaha utume ile kubwa. Lakini nilimwomba Papa akohoe kama anavyoniita, mimi nikiwa kazini. Programu ikiwa wazi, feni ilipanda tena, siyo kama mwanzo, lakini ilitosha. Nilimsikia mara nyingine, mara nyingine sikumsikia. Hesabu ya namna hiyo siwezi kuikubali.

Tulijaribu ndogo. Hiyo haina feni kabisa. Iko kimya kama kitabu. Niliandika, na nilimsikia Papa hata alipogeuza mguu. Ila joto lake lote linabaki mwilini mwake. Baada ya kitambo sikuweza kuipakata tena, na chini ya mikono yangu palikuwa pa moto. Kisha ikaanza kuchelewa. Naandika neno, linakuja baadaye, kama mtu aliyechoka kujibu. Ruphin alieleza kwamba inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na kwamba kwa jua la Oktoba itafanya hivyo kila mchana.

Alituambia ukweli wake bila kuuzungusha, kwamba kwa kazi na kwa masomo yanayokuja kubwa inafaa zaidi. Mama alitoka kwenye kamba ya nguo. Alianza kukunja nguo ambazo hazijakauka.

Papa ndiye aliyeamua. "Bénie, andika kubwa. Usichague juu ya kukohola kwangu. Kukohola haitaenda kukufanyia egzame."

Shangazi, sijawahi kumkatalia Papa jambo. Umemjua kabla yangu, unajua akishasema amesema. Leo asubuhi kanisani sikusikiliza mahubiri vizuri, na namwomba Mungu msamaha. Niliwaza kwamba labda yuko sahihi. Nikishinda mtihani nitaweza kufanya kazi, nitaweza kumlipia dawa nzuri zaidi. Halafu niliwaza ile kubwa ikivuma mezani na mimi nikiinua kichwa kila mara kutazama pazia, sisomi, simsikilizi, sifanyi lolote kwa ukamilifu.

Baada ya chakula niliingia kwake nikapiga magoti. Nilimwambia, "Papa, sichaguake juu ya ugonjwa yako. Niko nachagua juu ya kichwa yangu. Kama sikusikie, kichwa haiingize kintu."

Aliuliza ile ndogo itanichelewesha kiasi gani. Nilimjibu ukweli, kwamba ikipata moto itabidi niifunge mpaka ipoe.

"Na ukiifunga, utafanya nini?"

"Nitakuya kukaa hapa na weye."

Aligeuza uso kuelekea dirishani. Kisha akasema, "Andika kadogo. Lakini ukianguka mu egzame, nitakuita na ile kengele mpaka uzeeke." Nikajua amekubali. Barua hii nimemsomea yote mpaka hapa, na hakunifutia neno.

Kwa hiyo, Shangazi, kwa heshima tunakuomba umpe Papa Mulenga ile ndogo. Nimeshafikiri namna ya kuitunza. Nitaitumia kwenye sakafu ya saruji upande wa kivuli, bila mto, bila kitambaa, na kazi nzito nitaifanya asubuhi ya Jumamosi kabla mabati hayajapata moto. Mvua zikifika mambo yatakuwa mepesi. Sina hakika kwamba nitashinda mtihani. Lakini natumaini, na tangu jana natumaini zaidi.

Ile kubwa bakini nayo, imfae Franck. Mwambie asiifunike.

Wasalimu Franck na Papa Mulenga. Mama anakusalimu na kuomba radhi kwa habari ya mto, ingawa bado anasema kitu cha watu lazima kiheshimiwe. Yaya Ruphin anakusalimu ingawa hamjuani. Papa anasema nikuandikie kwamba yuko vizuri. Mimi nakuandikia kwamba leo amekula, amecheka, na sasa amelala kitini, nami namsikia kutoka hapa nilipo.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, akuponye goti, na asikuache kamwe peke yako ukiita.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Bénie Mwelwa