Kwa Baba Yetu Basili Qamara, Aliyewapeleka Akina Mama wa Gitting Kuwaona Tembo

Baba, tarehe 19 Agosti, 1987, umetimia mwaka tangu utuache. Ulikuwa na miaka hamsini na miwili, na nywele zako zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuingia mvi.

Watu wengi wa Gitting walikufahamu kwanza kama dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Wakati wa mavuno ulirudi nyumbani na makapi mpaka kwenye nyusi, Mama akakuzuia mlangoni hadi unawe. Lakini ulipomwona mtoto wa swala amelala ndani ya ngano, ulisimamisha mashine, ukashuka, ukamsogeza kando. Msimamizi mmoja akakuuliza, "Basili, umeajiriwa kuvuna au kuchunga swala?" Ukamjibu, "Mzee, ngano haina miguu. Itanisubiri."

Baadaye uliomba kazi katika hifadhi ya Tarangire, ukawa dereva na mwongoza wageni. Hukupenda haraka. Mgeni akidai simba saa moja asubuhi, ulimwambia, "Simba amelala. Twende kwanza tukawasalimie walioamka." Ukamwonyesha nguchiro kwenye kichuguu, na jioni mgeni alikuwa anasimulia habari za nguchiro.

Kilichokuumiza ni kwamba wageni wote walitoka mbali. Ulisema watu wa nyumbani wanamjua tembo kwa ubaya wake tu. Kwa hiyo mwaka 1983 ukaomba lori la parokia, ukawaalika akina mama wa Gitting na Mogitu waje hifadhini. Wote walikubali isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mama yako mzazi, Bibi Kornelia. Kaka yake aliuawa na tembo wakati wakichunga ng'ombe, naye alikuwa msichana mdogo.

"Shikamoo, Mama," ulimwambia. "Sikulazimishi. Ila ningependa umwone siku moja bila kukimbia."

Siku mbili alikwenda shambani kama kawaida. Siku ya tatu akafunga khanga yake, akapanda lori.

Mama na dada yetu Letisia walikuwemo safarini, na bado wanatusimulia. Mlipovuka mto uliokauka, magurudumu yakazama mchangani. Wakati dereva wa parokia anahangaika, tembo wakatokea kwenye miti, jike mkubwa mbele, masikio yametanuka. Akina mama wakaanza kunyanyuka. Mmoja alikwisha weka mguu ukingoni aruke.

Hukupiga kelele. Ulimwambia dereva azime injini, ukakaa chini katikati yao na kusema, "Akina mama, naomba tukae. Huyu anatuuliza tu kama tuna ugomvi. Tukinyamaza, tutakuwa tumemjibu."

Wakakaa. Yule jike alisimama muda mrefu, akageuka, akaanza kuchimba mchanga kwa mguu. Maji yalipotokea, alimpisha mtoto wake anywe kwanza.

Bibi Kornelia alilia. Akasema, "Miaka yote hii nimemchukia mnyama huyu, kumbe naye analea." Ulimshika mkono mpaka tembo walipoondoka. Ndipo mkashuka wote, mkalisukuma lori.

Lakini Baba, tuseme na hili, maana wewe mwenyewe hukupenda kuficha. Letisia alipokuletea fomu ya chuo cha wanyamapori, ulikataa. Ulisema porini si mahali pa msichana. Hamkuzungumza vizuri kwa miezi minne. Alikusalimu shikamoo, ukaitika marahaba, basi, kila mtu akashika njia yake.

Kisha figo zikakulaza hospitali. Alasiri moja ulimwita.

"Ile fomu bado unayo?"

"Ninayo, Baba."

"Niliogopa kwa sababu napajua kule. Lakini na wewe umepajua tangu siku ya lori. Hukunyanyuka. Lete nisaini."

Ulisaini, ukamtania kwamba mwandiko wako umekuwa kama nyayo za kanga. Siku tatu baadaye ukatutoka.

Mwaka huu umekuwa mgumu. Mama bado anapika ugali wa watu sita. Hata hivyo shamba limelimwa, Nicodemo amefaulu darasa la saba, na Bibi anaendelea vizuri.

Na Letisia amemaliza mwaka wake wa kwanza chuoni. Mwezi uliopita, akiwa kwenye mafunzo ya vitendo, alimwandikia Mama: "Leo nimeongoza wageni peke yangu. Niliogopa mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo nilikuwa na kazi ya kufanya."

Unakumbukwa na mke wako Fransiska, mama yako Kornelia, watoto wako Letisia, Nicodemo, Tekla na Margwe, dada zako wa Hirbadaw, na wote uliofanya nao kazi. Misa ya kukuombea itasomwa Gitting Jumapili asubuhi.

Pumzika, Baba. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu.